Siku ya Bodi ya Ardhi

Kisaju, Jumapili 25 Mei 2025

Supa, Lemayian,

Mama hajambo ila goti. Ng'ombe wako sawa, ingawa nyasi zimeanza kuisha. Wewe je, Mombasa imekupokea vipi? Nimekupigia mara nne hushiki, basi nakuandikia barua hii kwa simu.

Bodi ya ardhi inakaa Kajiado Alhamisi saa tatu asubuhi. Baba ameshapata mnunuzi wa shamba lote, hata hapa Mama anapolala. Baba mwenyewe ana nyumba Kitengela kwa mke mdogo. Mama lazima aulizwe kama anakubali. Anasema atakataa ukisimama kando yake. Nikamwuliza, "Na mimi je?" Akacheka. "Wewe Baba yako atakufukuza kama kuku."

Semina yako inaisha Jumanne. Panda basi la Jumatano.

Dada yako,
Soipan

Mombasa, Jumatano 28 Mei 2025

Ipa, dada,

Mimi mzima. Mpe Mama pole ya goti. Huku mvua haijakatika tangu jana. Barabara imejaa maji na mabasi hayatoki. Waambie waningoje.

Ndugu yako,
Lemayian

Kajiado, Alhamisi 29 Mei 2025

Lemayian,

Natumai maji hayajaingia ulipolala. Niliwaambia wazee wa bodi ndugu yangu amezuiwa na mafuriko. Baba akatoa simu, akampigia karani wa mabasi, akaweka sauti juu watu wote wasikie. "Ya Mombasa yote yamefika asubuhi, mzee." Watu wakacheka. Baba akaninyooshea kidole, akasema, "Na huyu ndiye mnataka kumsikiza?"

Mama akaulizwa. Aliangalia mlango kwa muda, kisha akasema hana neno. Wakagonga muhuri.

Niambie karani alidanganya.

Dada yako,
Soipan

Mombasa, Jumatatu 2 Juni 2025

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Karani alisema kweli.

Jumatano nilikuwa na tiketi mfukoni. Nilitoka kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari kwa miguu nikapita Marikiti, wachuuzi wakifunika viungo kwa nailoni. Mji wa Kale maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Nikanywa kahawa barazani, nikaendelea hadi Likoni, nikavuka na feri, nikarudi na feri ileile. Karibu na lango la bandari nilisimama kutazama winchi zikishusha makontena kwenye mvua. Basi langu lilikuwa limeondoka, na nilijua.

Baba alinipigia Jumatatu kabla ya siku ya bodi. Alisema nikisimama na Mama mbele ya bodi, nisimwite baba tena. Hiyo ndiyo sababu. Lakini siku ile, nikitembea, nilifurahi. Hilo pia lazima ulijue.

Ndugu yako,
Lemayian

Kisaju, Jumatatu 16 Juni 2025

Lemayian,

Sisi wazima. Mnunuzi ameshaleta nguzo za ua. Jumamosi namhamisha Mama kwenda Gataka, kwa chumba changu cha kupanga. Ng'ombe Baba amewachukua.

Barua yako sijamsomea Mama. Anawaambia majirani kwamba karani alipangwa na Baba, kwamba mtoto wake hangekosa kuja kama kungekuwa na njia. Jana amenituma nikuulize kama ulipata nguo kavu.

Anangoja jibu. Niambie nimwambie nini.

Dada yako,
Soipan