Sanduku la Maua la Futi Kumi na Mbili

Decorah, Iowa
4 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Nyonga imekupa nafuu, au bado inakutesa ukishuka ngazi? Mimi sijambo, ila baridi ndiyo imegoma kuondoka. Ungekuwa unasikia kwenye simu ningekupigia, lakini tumeshazoea barua.

Nina swali la ufundi. Nataka kununua msumeno wa umeme, ule wa diski, wa kushika mkononi. Dukani nimekuta aina kumi na kila muuzaji ana lake. Wa betri au wa waya? Nataka kutengeneza sanduku la maua mbele ya nyumba, basi.

Delbert anakuondolea theluji mlangoni? Hana kazi nyingine huyo jirani yako. Msalimie.

Binti yako,
Marit

Bemidji, Minnesota
11 Machi

Mwanangu Marit,

Salamu zimefika. Nyonga ipo nami nipo, tunavumiliana. Natumaini baridi hiyo haijakuingia kifuani.

Ila nimekushtukia. Miaka arobaini na sita hujashika hata nyundo, nikiwasha mashine ulikuwa unaziba masikio, leo unataka msumeno! Nani kakutuma? Una lako jambo.

Haya, nakujibu, maana siwezi kunyamaza nikiulizwa kazi yangu. Nunua wa waya, betri itakufia katikati ya ubao. Diski iwe ya inchi saba na robo. Uushike hapo hapo dukani; ukikuvuta bega, urudishe. Kwa plaiwudi tumia diski ya meno arobaini, na upande mzuri ulaze chini, kwa sababu meno hukata yakipanda. Diski ichomoze chini ya ubao robo inchi tu. Kipande kinachokatika kiache kianguke, usikishikilie. Ubao ukibana diski, msumeno unakurukia.

Na kile kifuniko cha chini kinachojirudisha chenyewe, usikizuie. Najua uliniona nikikipachika kabari kibaki wazi, kisinicheleweshe. Mafundi wa zamani sote ndivyo tulivyokuwa. Wewe usinifuate.

Nitakutengenezea ubao wa kuongozea msumeno, upate kukata mstari ulionyooka. Nitautuma kwa posta.

Baba yako

Decorah
19 Machi

Baba mpendwa,

U hali gani? Mimi mzima, na msumeno ninao! Jana nilikata mbao mbili za majaribio. Vidole vyote kumi vipo, nimevihesabu.

Sasa nichoree, kama ulivyokuwa unanichorea nyumba za ndege. Mihimili miwili ya futi kumi na mbili. Upande mmoja kimo chake inchi kumi na mbili, upande wa pili iishie chini kabisa. Juu yake plaiwudi. Ubao wako wa kuongozea nausubiri kwa hamu.

Binti yako,
Marit

Bemidji
14 Aprili

Marit,

Salamu. Mimi mzima. Mafua tu. Ndiyo maana nimechelewa.

Mchoro sina. Ubao sina.

Nawe usinifanye mtoto. Maua gani yanapanda futi moja kwa kila futi kumi na mbili? Kanisani nimejenga miteremko minne ya namna hiyo, ya kupandishia viti vya magurudumu. Kibaraza chako kina kimo cha futi moja, nilikijenga mimi! Mnanizunguka, wewe na Delbert. Mnataka kunitoa nyumbani kwangu kama kabati kuukuu. Sitoki. Mama yako alifia humu.

Baba

Decorah
20 Aprili

Baba,

Natumaini mafua yamekwisha, kama kweli yalikuwepo.

Ndiyo, nimekudanganya. Hakuna maua. Nilitaka mteremko wa kibarazani uwe tayari ndipo nikuombe uje tukae pamoja, maana ningekuomba kwanza ungesema hapana na kufunga mjadala. Ulianguka Januari ukalala sakafuni kwa muda wa saa tatu. Mimi silali vizuri tangu hapo. Nikasirikie, sawa.

Lakini na wewe unanificha kitu. Barua yako ya mwisho ina maandishi makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na herufi zimelala upande usio wao. Hujawahi kukataa kuchora. Nimempigia Delbert, mtu ambaye mdomo wake hauna kifuniko, naye kanijibu, “Muulize baba yako,” akakata simu. Kanisani nako wameniambia hukuonekana kwenye kahawa ya baada ya ibada Jumapili tatu mfululizo. Hiyo barua aliandika nani?

Usiponijibu nakuja mwenyewe. Naogopa, baba.

Marit

Bemidji
2 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Hii nayo pia.

Kisa ni ule ubao wako wa kuongozea. Nilibakiza mstari mmoja tu. Kabari ilikuwa mahali pake kama miaka yote, ubao ukabana diski, msumeno ukaruka nyuma na diski iko wazi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, na cha tatu hakikunji. Delbert alinikimbiza hospitali, nami nikamwapisha asiseme. Usimlaumu. Niliona aibu. Ningekuambiaje, baada ya kukuandikia mahubiri yale yote?

Ubao Delbert kaumalizia, uko posta. Ndani ya bahasha hii kuna kabari yenyewe. Itie jikoni kwenye moto.

Mchoro huu hapa, usinicheke, mistari imepinda. Inchi kumi na mbili kwa futi kumi na mbili zinakubalika, lakini kwa nyonga yangu ongeza futi nne za urefu. Skrubu, si misumari. Picha ya mama yako itundikwe pale linapofika jua la asubuhi.

Reli ya kushikia weka moja, kushoto kwa mtu anayepanda, kwa sababu mkono wa kulia haushiki tena. Upande wa pili, wa kushukia, usijisumbue nao; nikishapanda sishuki.

Baba yako