Polisi Hawana Chama, Lakini Mimi Si Polisi

Alhamisi, Novemba, Birmingham. Mwaka wa saba tangu nitoke Korogwe.

Mvua ya leo ni ile ya hapa, haina kishindo, inakulowesha polepole mpaka ugundue koti limekuwa zito. Nimefika chumbani kwangu mtaa wa Alum Rock mchana, sijala, na hasira bado ninayo. Ngoja niandike kabla haijapoa.

Leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu nilikataa kudeki damu ya mtu nikiwa na glavu za kuoshea vyombo.

Kwa wasionijua: nafanya usafi kwenye kituo cha polisi, upande wa mahabusu. Watu wakitolewa kwenye selo, naingia mimi na ndoo. Mwajiri wangu ni polisi wenyewe, si kampuni ya nje. Kabla ya kunichukua walinichunguza mpaka nikahisi wanajua nilizaliwa usiku au mchana. Kisha wakanipa sweta lenye nembo na kadi ya kufungulia milango. Nikajiona mkubwa. Waswahili wa mtaani wakaanza kuniita Afande, nami nikawa naitika.

Ujinga wangu ulianzia hapo. Kwetu polisi hagomi, hana chama, halalamiki hadharani. Shemeji yangu ni koplo, na nilipokuwa nakaa kwake kota niliona hata mpishi wa mesi anaogopa kusema kwamba kuni zimelowa. Yeyote aliyekula kwa polisi alinyamaza kama polisi. Nikaja na sheria hiyo kichwani mpaka Uingereza. Kwenye chumba chetu cha chai kuna bango la chama cha wafanyakazi, kubwa tu, lenye picha za watu wanaocheka. Miaka yote hiyo nilikuwa nalipita kama napita tangazo la saluni ya wanawake. Niliona halinihusu.

Darasa la saba ndiyo shule yangu yote, lakini sitasingizia shule. Msimamizi wetu, Bwana Graham, alijua ninavyofikiri na hakunisahihisha. Anashuka kutoka Sutton Coldfield, kwa wenye nacho, kila asubuhi na treni, viatu vimeng'aa, na neno lake la kwanza kwetu ni kwamba hapa ni polisi, hapa amri ni amri. Mtu kama yule anafurahi ukijiona askari.

Sasa kisa chenyewe. Jumapili ya juzijuzi mahabusu mmoja alijikata mkono, akapaka ukuta mzima damu na choo. Selo ikiwa hivyo haiguswi na sisi. Inafungwa, mlango unawekewa utepe wa njano, wanaitwa watu maalumu wenye mavazi ya kufunika mwili mzima na dawa zao. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini siku hiyo selo zilikuwa zimejaa na watu maalumu walisema watafika alasiri. Bwana Graham akaja, akaubandua utepe kwa mkono wake, akaukunja kama karatasi ya pipi, akaniambia niingie na glavu zangu zilezile za vyombo.

Nilimwangalia Mama Neema. Huyu ni mwenzangu wa zamu, anatoka Bukavu, ana watoto wanne. Mwaka jana alichomwa mkononi, mimi nikiwa kando yake, na sindano iliyofichwa kwenye godoro la selo. Bwana Graham alimwambia atalishughulikia. Hakulishughulikia. Mama wa watu akaishi miezi akipimwa damu, anaogopa hata kumpa mtoto wake kikombe alichonywea yeye, na kazini kila siku yupo, anadeki.

Nikaweka ndoo chini. Nikasema siingii.

Wiki hiyo hiyo nikaambiwa nimekataa maagizo halali na nitaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Mahabusu akijikata kwa hasira anaitiwa daktari. Mimi nikiogopa damu yake naitiwa kikao. Nilishindwa hata kucheka.

Aliyenifungua macho ni askari wa zamu, jamaa mpole anayevutia sigara yake uani. Nilimwambia shida yangu huku nikisema najua sina chama, kwa sababu polisi hawana. Akaniangalia kama nimemwambia mvua inatoka chini. Akasema ni kweli, askari kama yeye sheria inawakataza kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma ni kosa. Wana shirika lao tu. Lakini wafagiaji, wapokea simu, makarani, wanaolinda selo, wote hao si askari, na hakuna anayewakataza. "Ningekuwa wewe ningeshajiunga zamani," akasema. Halafu akanielekeza kwa Mama Jas.

Mama Jas anapokea simu za dharura ghorofani, na ndiye mwakilishi wa chama. Ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake anakitoa haraka kama mtu anayehesabu chenji dukani.

"Wewe bwana, nani alikwambia wewe ni polisi?"

"Sweta, Mama."

"Polisi yuko na pingu. Wewe uko na nini?"

"Dekio."

"Basi! Keti chini, ndugu yangu, na usiseme tena hiyo maneno ya Afande."

Nilijiunga palepale. Ada inakatwa kwenye mshahara na hainiumizi. Lakini nitasema ukweli wote: Mama Jas aliniambia chama hakiwezi kunipa wakili kwa jambo lililotokea kabla sijajiunga. Ni kama kukata bima wakati moshi umeshaanza kutoka. Akasema atakuja mwenyewe kukaa nami, kwa sababu sheria inamruhusu mfanyakazi yeyote kuingia kikao cha nidhamu na mwenzake wa kazi au mtu wa chama. Hiyo haki nilikuwa nayo siku zote. Siku zote! Na mwaka jana wakati Mama Neema anapimwa damu, yeye pia alikuwa na haki zake, na bango lilikuwa ukutani linacheka.

Asubuhi ya leo Mama Neema alinikuta nachomekea shati. "Afande wa ndoo!" akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Leo banakukata nyota zako?"

"Sina nyota, Mama Neema."

"Basi bakate wapi? Banaweza kukata nini kwa mtu hana kitu?"

Alinichekesha. Nilikuwa nimejiandaa kivyetu. Kwetu ukiitwa na mkubwa unakwenda kuomba radhi, hata kama umeonewa, kisha yeye anajifanya kukusamehe na maisha yanaendelea. Nilishayapanga maneno ya kujinyenyekeza kwa Kiingereza. Mlangoni nikamsomea Mama Jas.

Akanikatiza. "Ukisema sorry, umekubali kosa. Wataandika hivyo na kazi imekwisha. Mimi siruhusiwi kujibu maswali kwa niaba yako. Naweza kuuliza, naweza kusimamisha kikao tukaongee nje. Lakini jibu ni lako."

Ndani alikuwa Bwana Graham, pamoja na dada mmoja wa utumishi ambaye hatukuwahi kuonana. Bwana Graham alisoma mashtaka yake kwa sauti ya mtu anayesoma habari. Damu hakuitaja. Alisema "selo chafu". Mama Jas akauliza swali moja tu: nani alibandua utepe?

Bwana Graham akafunua karatasi zake.

Mama Jas akauliza tena, polepole zaidi. Bwana Graham akasema selo zilikuwa zimejaa, kulikuwa na shinikizo, kila mtu alitakiwa kujituma. Dada wa utumishi akaacha kuandika, akamwangalia yeye, si mimi. Kisha akanigeukia akaniuliza, je, siku kama ile ikirudi, kuna kitu ningefanya tofauti?

Neno sorry lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimwona Mama Jas ameweka mikono mezani, haniangalii. Nikalimeza.

"Hapana," nikasema.

Uso wa Bwana Graham ukawa mwekundu mpaka masikioni. Sijawahi kulisema neno hilo mbele yake nikiwa nimekaa.

Walitutoa nje, tukangoja kwenye korido, Mama Jas akinilisha chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya dengu, kutoka kwenye mkoba wake kama mtoto wa shule. Tuliporudi, dada wa utumishi alisema hakuna kosa, hakuna onyo, na hakuna kitakachowekwa kwenye faili langu. Alisema kumekuwa na "kutoelewana".

Kutoelewana! Mtu anakutuma kwenye damu na mavi bila kinga ya maana, ukikataa anataka kukunyang'anya mkate, ukimshinda wanaita kutoelewana. Hakuna aliyeniomba radhi. Kesho Bwana Graham ataendelea kuwa msimamizi, atashuka kwenye treni yake na viatu vyake. Ndiyo maana nimekaa hapa nina kazi yangu na bado nataka kupiga ukuta.

Kwa hiyo wewe unayesoma, unayefagia kituo cha polisi, unayepika kwenye kantini yao, unayefungua na kufunga selo, sikiliza. Chama hakikufanyi tajiri na hakimfanyi bosi wako awe malaika. Kinachokupa ni mtu anayejua sheria, amekaa upande wako wa meza. Kinakupa watu wa usalama kazini wanaoweza kukagua mahali unapofanya kazi na kuuliza glavu nene ziko wapi. Kinakaa na wakubwa kuzungumzia mishahara na zamu zenu wote, si za yule anayejua kujipendekeza. Na ukijiunga mapema, siku ya shida kinakuja na mawakili. Usingoje moshi kama mimi.

Mama Neema amejiunga leo, saa ya chai. Halafu akaniambia anataka suala la sindano lifunguliwe upya, liandikwe, lijibiwe. Mama Jas amesema watamwita baada ya mwaka mpya, naye anaruhusiwa kuingia na mwenzake wa kazi. Mama Neema amenichagua mimi. Nilimuuliza kwa nini asimchukue Mama Jas mwenyewe anayejua maneno. Akasema, "Weye ulikuwa pale. Uliona mkono wangu."

Basi mke wangu, najua unasoma hapa kwenye simu ya jirani yetu Zuhura. Nilikuambia nikifukuzwa nitakuja nyumbani Krismasi, moja kwa moja. Sikufukuzwa, na Krismasi siji. Usinune. Nitakaa kwanza kwenye kiti cha kikao, kando ya Mama Neema. Nitakuja mwezi wa saba, kwa likizo yangu halali.