Kipara cha Neema

Mjukuu wangu Anna,

Hatujambo hapa Karatu. Maharage yamechanua, ila babu yako amegoma kupalilia, anasingizia goti.

Umeuliza kwa nini nililia nilipoona picha yako umenyoa kipara. Si kwamba hukupendeza, mama.

Nilikuwa na mdogo wangu, Neema. Miaka ya sabini, akiwa mtoto, alipata saratani ya damu. Alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi kichwani, akarudi amepona, lakini hana unywele hata mmoja. Kwetu wakati ule, msichana aliyenyolewa alikuwa amefiwa. Majirani walipomwona akishuka kwenye basi, walikuja nyumbani na kuni na unga, wakilia.

"Poleni. Nani ametutoka?"

Neema akawajibu, "Hakuna aliyekufa. Ni mimi, nimepona!"

Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Unga ule ule tukawapikia ugali.

Nywele ziliota. Neema akaimba kwaya, akalima, akachumbiwa. Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Daktari alisema ana uvimbe kwenye ubongo, na huenda ulitokana na mionzi ile ile iliyomponya. Mama akauliza kama tulikosea kumpeleka.

"Msingenipeleka, mama, ningeimba lini?" Neema alisema.

Alipofariki, mama na mimi tulinyolewa. Majirani wakaja tena na kuni na unga. Safari hiyo hawakuwa wamekosea.

Nywele zako zikianza kuota, nitumie picha nyingine.

Bibi yako