Mama wa Babu Yangu

Babu wa Bumula,

Hili sijamwambia mtu: mchezo ambao shule yetu hapa Kitale itaigiza Ijumaa niliuandika mimi, nikaficha jina. Uliniuliza kama bado naona haya ukiniita "Mama" mbele za watu kwa sababu nina jina la mama yako. Nilikuwa naona, Babu! Lakini leo mwalimu alisoma kichwa cha mchezo, "Mama wa Babu Yangu", na darasa likalipuka.

"Si hata mimi huitwa hivyo nyumbani!"

"Mimi baba huniita Nyanya, bana!"

"Ati nani ameandika?"

Nikaifunika karatasi yangu kwa mkono.

Sasa nasikia nyayo za mama aliyenizaa zikikaribia mlango. Karatasi hii siifuniki tena. Ijumaa uje, mwanangu.

Mama yako,
Nasimiyu