Jina Lako kwa Kitambaa Nyeusi

Patron,

Ni mimi Kambale, apprenti wako wa kushona, yule Beni muzima inamuita Mukampala. Ninakuandikia kwa cahier ya shule ya Kavira, binti yako, sababu karatasi zangu zote ziko na mafuta ya mashini. Masomo yangu unajua iliishia wapi: deuxième secondaire, na hiyo deuxième yenyewe niliiangalia zaidi kwa dirisha. Mais mutu aliyefika Kampala mara ine, akakula samaki ya Entebbe, akajibizana na polisi ya kule kwa luga tatu, barua haiwezi kumushinda. Ukiona makosa, soma polepole. Wewe sasa uko na wakati.

Miezi tano imepita tangu bale baasi ba pori bakukatie njia pale Mbau, ukitoka Oicha kupeleka uniformes. Sijalia. Ninaandika hivi kusudi ujue, hapana kusudi unisamehe. Siku ya kukuzika nilichekesha batu. Nilisema lile sanduku lilikuwa pana kwa mabega, kwamba ungeamuka ungelirudisha kwa seremala alipunguze. Batu balicheka. Mama Kavira naye alicheka, kisha akaweka kitenge kwa kinywa na hakukitoa tena mpaka jioni. Tangu ile siku niko sawa mukono mutu ameulalia: unauona ni wako, unaushika, lakini wenyewe hausikii kitu. Ninakula bugali. Ninapima batu kiuno. Ninasema maneno yangu ya Kampala, baclients banacheka. Kiti yako sijaikalia. Niko tu kwa tabouret yangu, kile kigoda cha apprenti, miaka kumi na mbili tabouret ile ile, na kilo zangu hizi.

Sasa nifike kwa jambo. Karibu Kavira afukuzwe shule, na shida ilitoka kwa sindano yangu.

Ilianza hivi. Kwa darasa yake, bale ba sixième bako na kufanya Examen d'État, mutihani wa mwisho, mwaka huu, batoto batano bamepoteza baba ao mama kwa ile njia. Siku ya Posho, Jumamosi, Kavira alikuja atelier yetu ya kushona, akasimama sawa wewe, bega kwa muti wa mulango, akauliza: "Tonton, kuna kipande ya nyeusi inabaki?" Ilibaki ile doublure, kitambaa cha ndani cha kanzu ya Padiri, karibu mita moja na nusu. Nikamuuliza ya nini. Akasema banataka kuitundika shule, pembeni ya bendera, kwa ajili ya bazazi. "Kitambaa tu, Tonton. Bila kitu juu."

Bila kitu juu. Kunisemea mimi bila kitu juu. Nikamujibu kitambaa bila kitu ni pazia, mutu atajuaje ni ya nani? Kule Kampala hata nyumba ya kunyoa nywele iko na bendera na maandiko. Nikachukua uzi mweupe, ile ya coton ulinunuaka Butembo, nikaandika majina tano kwa mukono, kwa chaînette, ule mushono wa pete ndani ya pete ulinifundisha mwaka wa kwanza. Yako niliiweka katikati na nikaifanya kubwa kupita zingine. MUHINDO. Nisikudanganye, ilikuwa nzuri. Niliitundika kwa mulango, nikarudi nyuma hatua tatu, nikasema hata Ulaya hakuna mutu wa kufanya hivi. Kavira alisogea karibu. Alipitisha kidole juu ya jina yako, akakunja kitambaa, akaenda.

Patron, sikufikiri. Mimi mwenye kutembea dunia. Nyeusi, na maandiko meupe juu.

Jumatatu asubui, mbele ya salut ya bendera, batoto baliipandisha kwa mwanzi pembeni ya nguzo ya shule. Na kutoka barabarani, ni nani atasoma MUHINDO? Kwa mbali ile ni bendera ya bale. Ya bale balikuua. Mama mumoja wa kuuza avoka aliiona wa kwanza. Akaacha beseni, akakamata mutoto wake, akakimbia. Bengine bakamufuata bila kuuliza. Bamotari bakageuza. Pale mbele ya shule pakabaki masandali na avoka zinabingirika. Muzee mumoja alianguka kwa mufereji akavunjika mukono. Basoda ba jeshi balipofika, mwalimu wa mazoezi alikuwa amekwisha kuitelemusha, amesimama nayo mikono juu, anasema tu: "Ni majina, ni majina tu."

Kavira alisema ni yeye. Bale bane bengine balinyamaza, na sibalaumu, bako batoto. Akapewa barua ya conseil de discipline, kikao cha nidhamu, aje na muzazi. Mama yake akasema hana magoti ya kufika kule. Donc nilienda mimi. Nilivaa veste yako, lile koti ya marron, inanibana tumbo. Batu ba kartié, ba mutaa wetu, balikuwa bananiambia njiani: ni renvoi définitif, kufukuzwa kabisa, na bila shule hakuna Examen d'État. Na ile shati yake ya examen ulikuwa umekwisha kuikata mbele ya kwenda Oicha. Iko pale kwa meza, na alama zako za chaki.

Préfet, mukubwa wa shule, si mutu mubaya, unamujua, ulimushonea suruali ya harusi. Nilipoingia kwa bureau, balimu bamekaa pamoja naye, nikaanza na yangu: "Monsieur le Préfet, suruali ile bado inafunga?" Hakuna aliyecheka. Ile ndiyo mara ya kwanza kwa maisha yangu.

Akasema: "Nguzo iko moja na bendera iko moja. Leo nikikubali nyeusi, kesho mwingine ataleta ya chama ya baba yake, kesho kutwa mwingine ataleta ya inchi inayotupiga. Nitamwambia nini? Kwamba ya Kavira ilikuwa ya uchungu, na ya kwake hapana?" Nilikuwa ninamuona yule muzee kwa mufereji.

Kisha Kavira, na ile sauti yake ya chini, unaijua. "Juma ile baba alikufa, nilikuja shule, bendera ilikuwa juu kabisa. Tukaisalimia. Nikangojea mutu aitelemushe hata kipimo cha mukono. Juma nzima nilingojea. Hakuna. Njo tukaona tulete yetu."

Préfet akaangalia dirisha. "Mutoto, kuitelemusha si kazi yangu. Amri inatoka juu."

"Ndiyo, Monsieur. Tulijua. Njo maana hatukuigusa ile."

Mwalimu wa hesabu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nikasimama, veste ikalia kwa mugongo, nikasema: batoto baliomba kitambaa bila kitu juu. Maandiko ni yangu. Nilitaka batu baone kazi yangu. Kama kuna wa kufukuza, mimi nilikwisha kujifukuza tangu deuxième. Hapo mwalimu wa mazoezi alikohoa kidogo. Sijui kama ilikuwa cheko.

Balitutuma inje, bakatuita tena. Kavira arudi darasani, afanye examen. Mais kitambaa hairuki tena, na majina yafumuliwe pale pale, kusudi siku moja mutu asikamatwe nayo kwa barrière ya basoda. Préfet akanipa meza yake na wembe. Kisha akasema, sawa mutu anaona haya: "Na kwa kuwa uko fundi, bendera yetu imepasuka kwa pembe. Ni yule Muhindo aliishonaka. Utusaidie."

Wembe niliuweka pembeni. Nilikusikia: "Kambale, wembe ni wa kunyoa ndevu. Anza pale ulimalizia, toa fundo, vuta." Chaînette ukikamata mwisho wake, uzi unatoka muzima, unajua. Kavira alikaa mbele yangu. Nilifumua majina ya bale bane, akachukua kila uzi, akauzungusha kwa kipande cha karatasi, akaandika jina ya mutoto wa kumupelekea. Kisha yako. O ikatoka kwanza, kisha D, kisha N. Nilivuta mpaka M. Kitambaa kikabaki kitambaa tu, sawa vile aliniomba. Sikulia. Aliniangalia kusudi aone kama ninalia, na mimi nilimuangalia.

Juma nzima hakunisemesha.

Bendera niliileta atelier. Ilikuwa na harufu ya mvua. Nikaona mishono yako, myembamba, ya bleu ndani ya bleu ya bendera, hauioni mpaka uitafute. Bobine ya uzi wa bleu nilikuwa nayo, iko kwa sanduku yako pale pale. Nikachukua ule uzi mweupe wa jina yako, nikaupitisha kwa sindano. Nikakusikia tena, na ile sauti ulinitukanaka nayo mbele ya baclients: "Kambale, hiyo uzi naiona tangu mulangoni. Toa." Sikutoa. Kavira akaingia, akaona, akakamata pembe ya pili akaivuta kusudi ninyooshe. Akasema: "Tonton, shona ndogo ndogo." Nikashona ndogo ndogo.

Kwa mbali ni bendera ya inchi, haina kitu. Préfet alipoipokea akaileta karibu na macho. Akaona. "Fundi, hukuwa na bleu?" Nikamujibu: "Iliisha, Monsieur le Préfet." Alipitisha kidole kwa pindo, kisha akabapatia batoto baipandishe.

Sasa kwa kasiksi, kwa pombe ya ndizi, batu bananiuliza, wewe mutu wa dunia, batoto baachwe kutundika kila bendera banataka, ao hapana? Mimi nilikuwaka na jibu mbele ya ulizo. Ninasema tu: mutu asogee kwanza asome. Halafu ninamukumbuka yule muzee. Kila Siku ya Mungu ninamupelekea ndizi. Ananitukana kwa Kinande na kwa Swahili, mukono wake ndani ya plâtre ya hospitali. Ninakaa, anamaliza, tunakula ndizi.

Kulia bado, Patron. Mais Jumatatu hii nilipita mbele ya shule na nikasimama kwa salut, mimi na tumbo yangu, pamoja na bamama ba avoka. Bendera ilipofika juu, upepo ukageuza ile pembe upande wangu. Nikasikia kitu, sawa ule mukono ukianza kurudiwa na damu, inachoma choma. Sijui itakuwa nini. Nimekuambia tu.

Ninakuahidi hivi. Shati ya Kavira nitaimaliza juu ya chaki yako, uzi wa rangi yake, haitaonekana. Akipita examen, ile siku nitakalia kiti yako, mbele ya ile siku hapana. Na upepo utapasua bendera tena, unaipasuaka kila mwaka. Inabaki uzi wako, kipimo cha mukono mumoja. Niliuzungusha kwa bobine, hakuna atakayeugusa.

Wasingya kutsibu, asante sana, Patron, kwa sindano na kwa matusi. Lala. Na kama kule uko unauona ule uzi, usinitume kuutoa.

Kambale wako,
yule wa Kampala