Uzi wa Baba Mkwe Hausikiki Kwenye Spika

Bi Mwanamkisi mpendwa, asalaam alaykum. Mimi ni msomaji wako wa hapa Shela, naomba unisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano ikinikuta hivi nilivyo nimekwisha. Napiga gitaa la besi katika kikundi cha taarab cha Bwana Jeilani, mzee wa Kizingitini aliyehamia huku kwetu Amu, ambaye akianza kupiga udi hata paka hukaa kitako, na Bwana Jeilani huyo ndiye baba yake Rumaisa, na Rumaisa ndiye, Bi, sitaki kuandika mengi, nikiandika jina lake tu kalamu inacheka.

Sasa mwezi uliopita uzi mwembamba wa besi yangu ulikatika, na hapa mjini sikupata mwingine, Bwana Jeilani akafungua kisanduku chake akatoa mshipi wa kuvulia, ule wa plastiki, mnene, akaniambia, "Shika, mwanangu. Uzi hunu nimevulia papa, na udi wangu umeuvaa miaka thelathini haujakatika," akaufunga kwa mkono wake mwenyewe nami nikambusu mkono huo, na tangu siku hiyo sina raha. Nikiupiga bila umeme unasema vizuri kabisa, lakini nikichomeka waya wa spika, nyuzi tatu zinanguruma na wa nne kimya, kama mtu aliyesusa! Nikipandisha sauti, ule uzi mnene kuliko wote unatikisa vikombe kwa jirani, wa mzee haujajibu. Nimeupiga kwa nguvu mpaka kidole kikatoka lengelenge. Nikasema hii ni hasadi, nikafukiza ubani chini ya spika, wenzangu wakasifu harufu, uzi ukabaki bubu.

Basi kwenye harusi ya wiki jana nikaona nijaze kwa mdomo, kila zamu ya uzi ule ikifika naguna dum, dum, taratibu tu, sikujua kumbe maikrofoni ya mwimbaji imenigeukia, ukumbi mzima ukasikia DUM, bibi mmoja wa mbele akauliza, "Nani huyo tumbo lamsokota?" na Rumaisa akacheka mpaka akajifuta mato kwa leso, na mimi, walahi, nikafurahi badala ya kuona haya.

Lakini kosa langu lenyewe ni hili. Bwana Jeilani aliniuliza, "Uzi wangu je?" nikamjibu, "Mashaallah, washinda zote tatu." Kwa nini nilisema hivyo sijui, mdomo ulitangulia. Mzee akafurahi kupita kiasi, akaagiza mshipi mpya kutoka Kizingitini, na ameapa kwamba Jumatano atakuja kunivalisha nyuzi zote nne, ili Alhamisi tukapige harusi ya mtaa wa Langoni, na akiridhika, amesema, "Ijumaa wazee wako waye kuposa." Nyuzi nne bubu, Bi! Nitakaa pale nimekumbatia ubao. Nikimwambia nimemvunjia heshima, nisipomwambia posa yangu imekwenda na maji, na mdomo wangu peke yake hauwezi kupiga nyimbo nane. Nifanyeje?

Hussam, Shela.

*

Wa alaykum salaam, Hussam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili za kwanza sikufika mwisho kwa kucheka. Pole kwa lengelenge. Kwa huo uongo sikupi pole.

Kwanza ondoa hasadi kichwani. Nani akuhusudu kwa kuguna? Nimemuuliza Philip, fundi anayetutengenezea spika, na hata chai yake hakuimaliza, alijibu papo hapo. Udi una tumbo la mbao, na mbao husikia uzi wowote, wa plastiki, wa utumbo wa mbuzi, wowote. Besi yako haina tumbo. Inasikia kwa ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, na sumaku haijui kitu ila chuma. Kwake yeye mshipi wa plastiki haupo. Piga mpaka kidole kikatike, haupo! Mzee hakukosea kuhusu udi wake, na sumaku nayo haina adabu ya kumstahi mkwe.

Sasa sikiliza. Leo hii piga simu Mombasa uagize nyuzi za chuma za besi, seti nzima, si mmoja. Hizo tatu zako zimekula chumvi ya Shela muda gani? Mpya mmoja kati ya kuukuu tatu utakuletea ugomvi mwingine. Ukishazifunga, chukua bisibisi. Sumaku ina skrubu huku na huku. Kandamiza kila uzi mwisho kabisa wa shingo ya gitaa, uangalie umekaa mbali kiasi gani na sumaku. Upande wa uzi mnene unaotikisa vikombe, shusha sumaku. Upande wa mwembamba, ipandishe. Robo mzunguko tu, kisha piga, sikiliza, robo tena. Usiisogeze mpaka ikakaribia kugusa uzi, itauvuta na sauti itayumba. Na wakati wote huo kitufe cha spika usikiguse, na kidole kipige kwa nguvu ile ile, la sivyo utakuwa unajidanganya mwenyewe, na kwa kudanganya tayari una kipaji.

Hayo ya gitaa yamekwisha. Yamebaki ya Bwana Jeilani.

Usingoje Jumatano. Nenda leo baada ya alasiri. Usimtume mama, usimtume rafiki, usiandike ujumbe kwenye simu. Beba gitaa, na uombe kwa Philip kipande cha sumaku cha spika mbovu. Mpe mzee akishike mwenyewe. Akisogeze kwenye uzi wa chuma, akisogeze kwenye mshipi wake. Mtu aliyeishi na nyuzi umri wote huo ataelewa kabla hujafungua mdomo, na huo mdomo wako ukifungua useme maneno haya tu: "Bwana Jeilani, nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa. Nisamehe."

Atakasirika? Atakasirika mpaka kahawa ipoe, kisha atacheka kuliko mimi. Mzee hatoi uzi wa udi wake kwa kijana asiyemtaka, wewe hilo hukuliona kwa hofu. Lakini Jumatano akifunga nyuzi nne na Alhamisi besi ikawa bubu ukumbini, aibu itakuwa yake mbele ya Langoni nzima, na aibu hiyo utakuwa umempa wewe. Hapo ndipo posa inapovunjika.

Tena nikuambie, mwanangu. Rumaisa ameshakucheka hadharani na bado yupo, huyo hana shida. Mwenye shida ni wewe. Ukiendelea kumwogopa mzee kiasi hiki, hutamwoa Rumaisa, utaolewa na baba yake. Alasiri ni saa kumi. Nenda.