Nilihamisha Gemu la Mume Wangu, Nikasingizia Virusi

Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo nyumbani nikalinyamazia, na kila siku inayopita linazidi kunikaba. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba na ninafanyia kazi sebuleni, kwenye kompyuta ninayotumia pamoja na mume wangu. Ina diski mbili, C iliyo ndogo na D iliyo kubwa, na wiki mbili zilizopita nilikuwa namalizia ramani ya zahanati, mashine ikagoma kuhifadhi kazi ikisema C imejaa, nikatazama nikakuta nusu yake imekaliwa na gemu la mume wangu la kujenga miji, basi kwa hasira nikaikata folda nzima nikaibandika D, nafasi ikapatikana, nikamaliza kazi nikajipongeza.

Jioni mume wangu alipotaka kucheza, programu anayoanzishia michezo yake ikamwambia gemu halipo. Sasa, mshauri, gemu hilo si lake peke yake. Baba mkwe, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara kabla miguu haijamgomea, hukaa nyuma ya mwanawe, na mji ule wameujenga wawili kwa miaka mitatu, nami nikiwa jikoni humsikia, "We mtoto, daraja gani hilo? Hata mbuzi atakataa kupita!" na mume wangu, "Baba, tulia, bajeti imekwisha!" Tangu siku ile sebule imepoa. Juzi mzee aliniuliza, "Mkwe wangu, hivi kweli mashine imeumeza mji wetu?" Nikamjibu, "Labda ni virusi, baba." Mume wangu akaamini, amemwita fundi aje Jumamosi afute C yote na kupiga Windows upya. Je, niseme, au nimwache fundi afanye kazi yake mambo yaishe kimyakimya?

Mchoraji wa Sebuleni

*

Marahaba, binti yangu.

Hayataisha kimyakimya. Ulichohamisha ni mchezo. Mji ambao mumeo na mkweo wameujenga ni kitu kingine: michezo mingi ya aina hiyo huhifadhi kazi ya mchezaji katika folda ya nyaraka zake, na folda hiyo kwa kawaida iko C. Kwa hiyo yaelekea mji uko salama hadi sasa, na atakayeufuta ni huyo fundi, akitumwa na uongo wako. Umenielewa?

Kuhitaji nafasi ya kazi si kosa. Mumeo naye alikosea kujaza diski ambayo unaitegemea kwa riziki, na hilo atalisikia kutoka kwangu hapa hapa: bwana, michezo ikae D. Lakini wewe ulikata pale ambapo ulipaswa kunakili, tena bila kumuuliza mwenyewe. Je, mteja akiingia sebuleni kwako na kuhamisha ukuta kwenye ramani bila kukuambia, utamshukuru kwa kukuongezea nafasi? Kisha mzee asiyeweza kutembea anakuuliza habari za kazi ya mikono yake, nawe unamtajia virusi! Hapo nimekasirika, sitakuficha.

Fanya hivi. Tafuta folda ya mji katika nyaraka za mumeo, uinakili kwenye flashi. Usiikate, uinakili. Ondoa ramani zako za zamani kutoka C uziweke D, kwa sababu ramani ni faili tu, hufunguka popote. Nafasi ikipatikana, rudisha folda ya mchezo mahali pale pale ilipokuwa, kwa jina lile lile, bila kubadilisha hata herufi moja. Fungua ile programu ambayo mumeo huanzishia michezo yake. Kwenye mipangilio ya mchezo huo utakuta sehemu ya kuuhamishia diski nyingine. Chagua D, uiache programu ihamishe yenyewe, maana ikihamisha yenyewe inajua ilikoupeleka. Ikigoma, usiendelee kubahatisha. Mwachie mumeo, ila akiwa ameshaambiwa ukweli.

Ukweli huo umwambie leo, naye mkweo umwambie kwa kinywa chako. Usimtume mumeo.

Ila kabla ya yote, mpigie fundi simu umwambie asije. Akiuliza sababu, mjibu kwamba kosa lilikuwa lako. Hayo yatakuwa mazoezi kabla mumeo hajarudi kutoka kazini.